Mama Hajachoka, Amekosa Hewa

Mwanamume akikoroma, mkewe humsumbua mpaka aende hospitali. Mwanamke akikoroma, watu hucheka. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba zetu ambayo hakuna aliyeiandika, na ninaipinga kwa sababu inaua. Inaua polepole, kupitia presha, moyo, sukari na kiharusi, halafu siku ya mazishi tunapokezana maikrofoni na kusema marehemu alikuwa mchapakazi, hakuwahi kupumzika. Hapo angalau tunasema kweli bila kujua. Alikuwa akilala masaa manane kila usiku na hakuwahi kupumzika.

Ugonjwa ninaouzungumzia unaitwa apnia ya usingizi, ile ya kuziba. Jina ni la Kigiriki, na maana yake ni kukosa pumzi. Ukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengi hilo halina neno. Kwa wengine koo hujifunga kama mrija wa soda uliofyonzwa kwa nguvu. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haiingii. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, mwili unaamshwa kwa sekunde chache, koo linafunguka kwa mkoromo wa ghafla kama wa mtu aliyetolewa majini, kisha usingizi unarudi na mambo yanaanza upya. Asubuhi mwenyewe hakumbuki chochote.

Madaktari huhesabu kila kukatika au kupungua kwa pumzi kunakodumu sekunde 10 au zaidi. Ukifikisha mara 5 kwa saa, una apnia. Ukifikisha 15, ni ya wastani. Ukifika 30, ni kali. Sasa piga hesabu: mara 30 kwa saa, kwa masaa manane, ni mara 240 usiku mmoja. Hebu mtu akuamshe mara 240 usiku wa leo, halafu kesho asubuhi akuulize mbona una hasira za karibu.

Tatizo ni kwamba Nairobi mji mzima umechoka. Kuna watu wanatoka Githurai saa kumi na moja alfajiri kukwepa jam na kurudi saa tatu usiku. Wanasinzia kwenye mathree mpaka makanga awaguse bega. Hao wamekosa muda wa kulala, na dawa yao ni muda. Lakini katikati yao ameketi mwanamke mmoja ambaye jana alilala saa tatu, akaamka saa kumi na moja, na bado kichwa kinamgonga kana kwamba alibeba mawe usiku kucha. Ukimtazama, huwezi kumtofautisha na jirani yake. Mgonjwa amejificha kati ya wachovu. Na kwa kuwa ni mwanamke, hata hatumtafuti. Tuna jina la sifa tayari: mama ni jembe. Jembe halilali, jembe halilalamiki, na jembe likivunjika tunanunua lingine.

Mtu atasema hii ni lawama ya kijamii tu, sayansi haina ubaguzi. Basi tuangalie sayansi yenyewe ilikotoka.

Mwaka 1836 Charles Dickens alianza kuchapisha The Pickwick Papers. Ndani yake mna kijana mnene anayeitwa Joe, ambaye husinzia akiwa amesimama na kukoroma akihudumu mezani. Miaka 120 baadaye, mwaka 1956, madaktari wa Marekani waliandika juu ya mgonjwa wao, mfanyabiashara wa miaka 51, mnene, aliyepitiwa na usingizi akicheza karata huku ameshika mkononi karata za ushindi. Wakauita ugonjwa wake kwa jina la riwaya ile. Mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaupa jina tunalolijua leo. Kwa hiyo ugonjwa uliingia vitabuni ukiwa na sura tayari: mwanamume, mnene, anayekoroma kama lori na kusinzia mchana hadharani. Kwa miaka mingi kliniki za usingizi ziliona wanaume wanane au zaidi kwa kila mwanamke mmoja, na madaktari wakaamini hivyo ndivyo ugonjwa ulivyo.

Mwaka 1993 Terry Young na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walifanya jambo rahisi ambalo lilikuwa halijafanywa ipasavyo. Badala ya kungoja wagonjwa waje kliniki, walichukua wafanyakazi wa kawaida, wanaume kwa wanawake wa miaka 30 hadi 60, wakawalaza na kuwapima. Walikuta apnia kwa asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake. Wanaume walikuwa wengi, ndiyo, lakini hata mara tatu haikufika. Mwaka 1997 walirudi na hesabu nyingine: kati ya wenye apnia ya wastani na kali, asilimia 82 ya wanaume walikuwa hawajawahi kuambiwa na daktari. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 93. Soma tena hiyo. Katika wanawake 100 wagonjwa, 93 walikuwa mitaani wakiitwa wavivu, wazembe, wenye stress, wazee kabla ya wakati. Na hiyo ni nchi yenye maabara za usingizi.

Wakati wanawake hao walipofika kliniki, walikuta maswali yasiyowahusu. Chukua fomu maarufu inayoitwa STOP-Bang, iliyotungwa Toronto na kuchapishwa mwaka 2008. Ina maswali manane. Unakoroma? Umechoka mchana? Kuna aliyekuona ukikata pumzi? Una presha? Uzito, umri, shingo. Swali la nane ni jinsia: ukiwa mwanamume unapata alama moja kwa kuwa mwanamume. Najua sababu yake. Kwa takwimu wanaume wamo hatarini zaidi, na fomu hutungwa kwa takwimu. Lakini tazama inavyofanya kazi mezani. Mwanamume na mwanamke wenye dalili zilezile wanaingia, na mwanamume ameshatangulia hatua moja kabla ya kufungua mdomo. Alama 3 ndizo humfanya daktari aanze kushuku. Wanawake wangapi wameishia 2?

Au chukua kipimo cha Epworth, kilichotungwa na Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991. Kinauliza uwezekano wa wewe kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiketi kimya baada ya chakula cha mchana, ukijinyoosha kupumzika alasiri. Nikisoma maswali hayo nacheka. Mwanamke gani huyo anayejinyoosha alasiri? Mama mboga ameshuka sokoni Wakulima kabla ya jua, ameuza mpaka saa mbili usiku, amepika, ameosha, ameangalia homework. Ukimuuliza kama husinzia akiketi kimya baada ya lunch, atakuuliza kuketi ni nini. Hajasinzia kwa sababu hajakaa. Anapata alama ndogo na anaambiwa yuko fiti.

Halafu kuna suala la shahidi. Ugonjwa huu hutokea ukiwa umelala, kwa hiyo lazima mtu mwingine auone. Mwanamume mwenye apnia mara nyingi ana shahidi mzuri kuliko kipimo chochote, yaani mke aliye macho, aliyehesabu sekunde akisubiri pumzi irudi, na ambaye asubuhi atapiga simu kliniki yeye mwenyewe. Mwanamke mwenye apnia ana nani? Ana mume aliyelala fofofo, au aliyehamia kochi akasema huyu mama siku hizi ni trekta. Ana mtoto wa miaka sita anayelala kitanda kimoja naye. Au anaishi peke yake kwenye bedsitter huko Roysambu na shahidi wake pekee ni landilodi wa upande wa pili wa ukuta. Na wengi wakiulizwa kama wanakoroma watakana, maana mwanamke kukoroma ni aibu. Tumefanya dalili kuu ya ugonjwa kuwa tusi, kisha tunashangaa wanawake hawaitaji.

Na mara nyingi mkoromo wenyewe hautoshi kuwaonyesha. Wanawake wengi huja na malalamiko mengine: wanakosa usingizi, wanaamka usiku bila sababu, kichwa kinauma asubuhi, wamechoka, wana huzuni isiyoisha, wana wasiwasi, wanaota ndoto mbaya. Kukatika kwao kwa pumzi huwa kwa muda mfupi zaidi, na mara nyingi hujikusanya kwenye usingizi wa ndoto, ule ambao macho hucheza chini ya kope. Mara nyingi hewa hupungua tu, na mwili unashtuka na kuamka kabla oksijeni haijashuka sana. Sasa, kuna kanuni ya kuhesabu, inayotumiwa na bima ya wazee ya Marekani, ambayo inataka oksijeni ishuke kwa asilimia 4 ndipo kupungua kwa hewa kuhesabiwe. Kuna kanuni nyingine inayohesabu asilimia 3, au kule kuamshwa kwenyewe. Mwanamke yuleyule, usiku uleule, anaweza kuwa mgonjwa kwa kanuni moja na mzima kwa nyingine. Mwili wake umeamshwa usiku kucha, lakini kwenye karatasi amelala.

Kwa hiyo anatoka na dawa za kitu kingine. Akisema halali, anapewa vidonge vya usingizi, na baadhi yavyo hulegeza misuli ya koo hata zaidi. Akisema ana huzuni, anapewa dawa za sonona. Akisema amechoka, anapewa vidonge vya kuongeza damu na ushauri wa kupunguza stress. Sipingi dawa hizo. Sonona ipo, na upungufu wa damu upo. Ninachopinga ni daktari kuandika dawa tatu bila kuuliza swali moja kuhusu usiku.

Nasema haya nikiwa na kielelezo nyumbani. Mama yangu ana miaka 58. Alimeza dawa za presha kwa miaka tisa, mwishowe aina tatu kwa pamoja, na presha haikuteremka. Kila mwezi alipanga foleni, akapimwa, akaulizwa kuhusu chumvi, ugali, na kama ana mawazo. Aliambiwa anakunywa dawa vibaya, na yeye ni mwalimu mstaafu anayetia alama kwenye kalenda kila kidonge. Aliamka kukojoa mara nne usiku, akaambiwa ni umri. Alishindwa kumaliza ukurasa wa gazeti, akaambiwa ni macho, akanunua miwani. Miaka tisa, na hakuna aliyemuuliza: mama, ukilala inakuwaje?

Swali hilo halikuhitaji kipaji. Ni jambo linalojulikana kwamba apnia ni mojawapo ya visababishi vikubwa vya presha isiyosikia dawa. Kila pumzi inapokatika, mwili unatoa homoni za hatari, mishipa inakaza, moyo unapiga mbio. Mara mia mbili kwa usiku, kwa miaka. Hata kule kukojoa usiku ni dalili yake: kifua kinachovuta bila hewa hulivuta moyo, na moyo unatuma ujumbe kwa figo zitoe maji. Hayo yote yamo vitabuni.

Aliyegundua ni dada yangu mdogo, Disemba moja akiwa amelala chumba kimoja naye. Alirekodi kwa simu. Ndani ya dakika tano kuna mkoromo, kimya, kimya kirefu cha kukuogofya, kisha mlipuko wa pumzi. Tulichanga kama tunavyochanga harusi, tukampeleka kwenye kipimo cha usingizi katika hospitali ya kibinafsi. Mara 38 kwa saa. Oksijeni ilifika chini hadi asilimia 74. Mtu mzima aliye macho akiwa na oksijeni hiyo, wauguzi wangekimbia.

Tiba yake kuu inajulikana tangu 1981, mwaka ambao Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha kwenye Lancet matokeo ya wagonjwa watano. Ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili shinikizo lake lishikilie koo wazi, kama boriti ishikavyo paa. Wanaiita CPAP, na kwetu nyumbani imekuwa sipapu. Haina dawa ndani, haina hata oksijeni ya ziada. Ni hewa hii hii ya bure, ikisukumwa.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa muujiza. Wiki mbili za kwanza mama aliivua usingizini na kuitupa sakafuni. Mikanda ya barakoa haikukaa juu ya nywele zake alizosuka, ikabidi abadilishe mtindo na kujifunga kitambaa cha hariri, jambo ambalo kijitabu cha mashine hakikuwa nalo kwa sababu aliyekiandika hakuwa na nywele kama zake akilini. Stima ikipotea, mashine inazima na anaamka akitafuta hewa. Bado anameza dawa zake tatu. Lakini kufikia mwezi wa nne presha ilikuwa imeshuka mpaka pale daktari alipokuwa akiitaka miaka yote hiyo. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yaliisha. Anaamka mara moja usiku, au haamki. Anasoma gazeti mpaka kurasa za matangazo ya vifo, na anabishana nasi kuhusu siasa kwa hoja tulizokuwa tumezisahau kwamba anazo. Miwani ile ameiweka kabatini.

Kwa wale wasioweza au wasiotaka mashine kuna njia nyingine. Wengine, hasa wenye apnia isiyo kali, husaidiwa na kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa na daktari wa meno ili kuvuta taya la chini mbele. Wengine huzibwa koo wakilala chali tu, na kulala ubavu hupunguza sana. Wengine wana tonsili kubwa za kuondolewa. Kupunguza uzito husaidia wengi, na Disemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza kwa apnia, tirzepatide, kwa watu wenye unene uliopita kiasi.

Hapo ndipo wapinzani wangu huingilia. Hoja ya kwanza: si apunguze mwili tu? Nakubali kwamba uzito ni kisababishi kikubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu nchini Kenya wa umri wa kuzaa akiwa na uzito uliozidi, na hesabu hiyo imepanda tangu hapo. Lakini "apunguze mwili" imekuwa njia ya kumfungia mlango. Kuna wanawake wembamba wenye apnia, kwa sababu ya umbo la taya na koo. Hedhi inapokoma, homoni ya projesteroni, ambayo husukuma upumuaji, inashuka, na hatari inapanda hata kama suruali ni ya saizi ileile. Wasichana wenye PCOS, wengi wenu mnaonisoma, wamo hatarini wakiwa na miaka 25. Wajawazito pia, na tafiti zimehusisha apnia na presha ya mimba na kisukari cha mimba. Tena mtu asiyelala hushikwa na njaa zaidi na hana nguvu ya kutembea. Kumwambia mtu aliyeamshwa mara 240 aende gym saa kumi na moja ni dharau iliyovaa koti jeupe.

Hoja ya pili ni ya wasomi: mbona utafiti mkubwa wa SAVE wa mwaka 2016 ulionyesha mashine haikupunguza mishtuko ya moyo na kiharusi? Ni kweli, haukuonyesha, na sitaki mtu aahidiwe kwamba sipapu itazuia kiharusi. Lakini soma undani wake. Wagonjwa waliitumia mashine kwa wastani wa masaa 3.3 kwa usiku. Waliokuwa na usingizi mzito sana wa mchana hawakuingizwa. Na katika watu zaidi ya 2,700, takriban wanne kati ya kila watano walikuwa wanaume. Kwa hiyo mnatumia utafiti wa wanaume waliovaa mashine nusu ya usiku kuamua hatima ya mama yangu anayeivaa usiku kucha. Nao utafiti huohuo ulionyesha watu walisinzia mchana kidogo zaidi ya awali? La, walisinzia kidogo kuliko awali, na hali yao ya moyoni ikawa nzuri zaidi. Hizo si zawadi ndogo. Mtu aliye macho haangushi gari bondeni, na mtu asiye na huzuni analea watoto wake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: Kenya bado wanawake wanafia leba, malaria bado ipo, na wewe unatuletea ugonjwa wa mashine ya zaidi ya laki moja? Bei ni matusi, hilo sibishani. Tulipoulizia tulitajiwa bei ambayo ni kodi ya bedsitter kwa zaidi ya mwaka. Lakini maswali hayana bei. Mkanda wa kupimia shingo ni ule wa fundi cherehani. Kipima oksijeni cha kidole, ambacho wengi walikifahamu wakati wa Korona, kikiwa cha aina inayorekodi usiku kucha, kinaweza kuonyesha nani apelekwe mbele. Na tusijifanye kwamba kutotibu ni bure. Tayari tunalipia dawa za presha ambazo hazifanyi kazi, vidonge vya usingizi visivyofaa, dayalisisi ya figo zilizoharibiwa na presha, na miezi ya kumuuguza mtu aliyepooza, kazi ambayo binti wa nyumbani ndiye huacha kazi yake kuifanya. Mwanamke mgonjwa anauguzwa na mwanamke. Hesabu hiyo hakuna bajeti inayoiandika.

Ninachodai hakihitaji jengo jipya. Kwanza, kila mwanamke anayehudhuria kliniki ya presha, ya sukari au ya wajawazito aulizwe kuhusu usiku wake: unaamka umechoka hata ukilala vya kutosha? Kuna anayesikia pumzi zako zikikatika? Unaamka na kichwa kinachouma au kukojoa mara kwa mara? Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja na kuwapa mikoba yenye mashine za presha na sukari. Wako mlangoni tayari. Waongezeeni maswali matatu.

Pili, mwanamke anayetumia dawa tatu za presha na bado haishuki asipewe ya nne kabla mtu hajauliza anavyolala. Tatu, Mamlaka ya Afya ya Jamii iseme wazi, kwa lugha tunayoielewa na mahali tunapoweza kuisoma, ni nini inalipia katika kipimo cha usingizi na mashine, na nini hailipii. Tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Jibu la wazi si fadhila.

Nne ni lenu ninyi wenye simu na vifurushi vya data. Acheni zile klipu. Mnajua ninazozisema: mama amelala kochini mdomo wazi, anakoroma, na mtoto wake anarekodi na kuweka muziki juu, watu elfu kumi wanaweka emoji za kucheka. Rekodi, ndiyo, lakini ondoa muziki na usikilize. Hesabu sekunde za kimya. Ukifika kumi, mara kwa mara, hiyo si content tena, ni ushahidi, na mahali pake ni mbele ya daktari. Akikwambia ni uchovu tu wa akina mama, mchezee tena klipu, na umwombe aandike kwenye faili kwamba ameisikia.

Na wewe mwenyewe, wa miaka 27, unayeishi kejani peke yako, unayekunywa kahawa tatu kabla ya saa nne na kuambiwa na kila mtu kwamba Nairobi ndivyo ilivyo. Huenda ni Nairobi. Huenda ni simu unayoishika mpaka saa saba usiku. Rekebisha hayo kwanza. Lakini ukilala vya kutosha kwa wiki mbili na bado unaamka kama uliyepigwa, usikubali jibu kwamba hivyo ndivyo wanawake walivyo. Wanawake hawakuumbwa wakiwa wamechoka. Daima dai kwanza uulizwe swali ambalo mwanamume wa rika lako angeulizwa: unapolala, unapumua?